CHUMA KISICHOSHIKA KUTU
Uhakiki wa Istilahi za Vifaa vya Kufungia Paneli za Umemejua

1. Utangulizi

Katika barua zilizofika mezani petu siku hizi za karibuni, moja ilitukalisha kitako kuliko nyingine zote. Iliandikwa na ofisa ununuzi wa wilaya mojawapo ya pwani, nayo ilikuwa na swali moja tu: je, bolti iliyopakwa zinki yaweza kuitwa bolti ya “chuma kisichoshika kutu”, au haiwezi?

Swali hilo lilikuwa na kisa chake. Shule moja iliyo karibu na bahari ilifungiwa paneli za umemejua juu ya paa. Masharti ya zabuni yaliandikwa kwa Kiswahili, kama ipasavyo, na mwandishi wake aliyachukua maneno ya kiufundi kutoka katika kijitabu cha mafundi kilichotafsiriwa miaka michache iliyopita. Sharti mojawapo lilisema kwamba bolti na nati zote ziwe za “chuma kisichoshika kutu”. Mkandarasi alileta bolti zinazong’aa, zikapokewa na kutiwa sahihi. Mvua za pili zilipokwisha, nati zilikuwa nyekundu, na fundi alipotia spana azifungue, nyingine zilikatika mkononi mwake. Alipoulizwa, mkandarasi alijibu kwamba ameleta kile alichoagizwa: siku ya kupokewa bolti zile hazikuwa na kutu, na dukani huuzwa kwa jina hilohilo.

Ofisa yule hakutuomba tuamue kesi. Alitaka kujua neno lina maana gani. Nasi, kabla ya kumjibu, tulikisoma kijitabu kile chote, tangu jalada hadi jalada, tukiwa na kalamu mkononi. Makala haya ni matokeo ya usomaji huo. Hatutakitaja kijitabu wala waliokitoa, kwa kuwa kusudi letu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, inatupasa kukiri mapema kwamba sehemu ya lawama ni yetu wenyewe: mfasiri alituandikia zamani akiomba istilahi, na lile fungu la maneno lililozua mgogoro alilipata katika orodha iliyotoka kwenye dawati letu. Tulilitunga tukiwa na kamusi mbele yetu, bila kuwa na bolti hata moja.

2. Sifa za Kijitabu

Si haki kukihakiki kitabu kwa makosa yake tu. Kijitabu hiki kina mambo mema mengi, na mengine yanastahili kuigwa na kila mfasiri wa vitabu vya kazi.

Kwanza, mfasiri amewasikiliza mafundi. Hasemi “mihimili midogo ya ulalo inayobeba vifuniko vya paa”, anasema papi. Hasemi “kiunzi cha pembetatu”; anasema kenchi. Amewaachia wenyewe spana yao, drili yao na msumari wao wa bati. Msomaji aliyewahi kupanda juu ya paa hapotei njia.

Pili, maagizo yake ni mafupi na yanaonekana kwa macho. Tulipendezwa hasa na pale anapomwonya fundi asiikaze skrubu ya paa hadi mpira ukavimba nje ya washa. Hapo fundi haelezwi habari za mgandamizo. Anaonyeshwa alama ya kutazama. Kadhalika anapoeleza kwamba mguu wa reli usishikwe na bati peke yake bali skrubu ipite bati na kuuma papi, kwa kuwa upepo hauisukumi paneli chini tu, huingia chini yake na kuinyanyua kama tanga. Wakazi wa Mafia, ambao kimbunga Hidaya kilitua kisiwani kwao mwezi Mei 2024, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo kasoro tutakazozitaja hazitokani na uvivu wala na Kiswahili kibovu. Zimo katika majina ya vitu vyenyewe, hasa majina ya metali, yaani pale ambapo fundi na mnunuzi hawana njia nyingine ya kukijua kitu ila kwa jina lake.

3. Jina Lisilotaja Kitu

Tulihesabu njia tatu ambazo kijitabu hutumia kuitaja metali moja. Penye sura ya reli huitwa “chuma cha pua”. Penye sura ya bolti huitwa “chuma kisichoshika kutu”. Na penye orodha ya vifaa mwishoni huitwa “chuma cheupe”. Hilo peke yake lingeweza kuvumiliwa. Lisilovumilika ni kinyume chake, kwamba “chuma kisichoshika kutu” kimetumika pia kwa bolti zilizopakwa zinki na kwa vyuma vilivyochovywa ndani ya zinki. Jina moja limebebeshwa vitu vitatu, na vitu hivyo havifanani kwa bei, kwa umri, wala kwa namna vinavyotengenezwa. Na tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni bolti ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki kwa njia ya umeme. Hung’aa sana, nayo ni rahisi kuliko zote. Utando wake wa zinki kwa kawaida huwa na unene wa maikromita 5 hadi 12, yaani kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele wa mtu.

Cha pili ni chuma kilichotumbukizwa chote ndani ya zinki iliyoyeyushwa, katika joto la nyuzi zipatazo 450 za Selsiasi. Haking’ai sana, kina rangi ya kijivu na uso wake hukwaruza kidogo. Lakini utando wake ni mnene. Kiwango cha kimataifa ISO 1461 kinataka wastani usiopungua maikromita 85 kwa vyuma vyenye unene unaozidi milimita 6.

Cha tatu si chuma kilichopakwa kitu. Ni mchanganyiko wa chuma na metali nyingine tangu ndani hata nje, wenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba mno isiyoonekana, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujiponya yenyewe. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ni miongoni mwa waliouvumbua mchanganyiko huo. Yeye alikuwa mwaka 1913. Na hata humo mna daraja. Aina iitwayo 304, ambayo kwenye bolti huandikwa A2, ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Aina ya 316, inayoandikwa A4, imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na nyongeza hiyo ndiyo inayoiwezesha kukabiliana na chumvi. Bolti ya A2 ikikaa ufukoni hupata madoa ya rangi ya chai na vitundu vidogovidogo. Kwa hiyo hata hiyo, kwa maneno ya kijitabu, “isiyoshika kutu” hushika kutu.

Sasa na tuone jambo hili lina uzito gani nje ya karatasi. Kiwango cha ISO 9223 kimegawa hali za hewa kwa kadiri zinavyokula metali, tangu C1 hadi C5, na juu yake CX. Katika daraja la C5, ambamo huingia sehemu nyingi zilizo karibu na bahari yenye mawimbi, zinki hupotea kwa maikromita 4.2 hadi 8.4 kila mwaka. Tukichukua maikromita 5 kwa mwaka, bolti yenye utando wa maikromita 8 itabaki uchi kabla ya mwaka wa pili kwisha. Ile iliyochovywa, yenye maikromita 85, itafika mwaka wa 17. Paneli zenyewe, kwa desturi ya watengenezaji wengi, huuzwa kwa dhamana ya miaka 25 ya kutoa umeme. Basi katika paa la shule ile ni bolti za A4 peke yake zingetazamiwa kuishi pamoja na paneli zilizozishika. Mvua mbili alizozitaja ofisa katika barua yake si bahati mbaya wala si uzembe wa mwalimu mkuu. Ni hesabu iliyokuwa ikijulikana tangu siku ya kwanza, ila jina lililotumika liliificha.

4. Istilahi na Ahadi

Kwa nini “chuma kisichoshika kutu” kilituponyoka? Kwa maoni yetu, sababu ni kwamba maneno hayo hayakitaji kitu, yanakisifu. Hayasemi kimetengenezwa kwa nini wala kwa njia gani. Yanatoa ahadi juu ya mwenendo wake wa baadaye. Na ahadi hiyo kila muuzaji aweza kuitoa kwa bidhaa yake, kila mmoja kwa kipimo chake. Bolti iliyopakwa zinki haishiki kutu kwa mwaka mmoja. Iliyochovywa haishiki kutu kwa miaka kadhaa. Basi mkandarasi yule hakusema uongo. Lugha ilimfungulia mlango, naye akapita.

Kosa la namna hii limeenea kijitabu kizima. Mna “mpira usiooza”, pasipo kusema kama ni mpira wa kawaida, ambao jua huupasua upesi, au ni ule wa EPDM ambao hustahimili jua na joto la bati kwa miaka mingi. Mna “rangi ya kinga” pasipo kutaja inakinga nini. Mna hata “skrubu madhubuti”. Hakuna mwandishi wa zabuni awezaye kununua umadhubuti; hununua skrubu ya metali fulani, ya kipimo fulani.

Lipo neno la zamani ambalo wengine wangependa tulirudie, nalo ni pua. Wahunzi wetu walikuwa wakitia pua shoka, maana yake kulitilia chuma kigumu penye makali. Na upanga wa feleji ulisifiwa pwani zama nyingi kabla ya kiwanda chochote. Maneno haya mawili ni mali, wala hatupendi yafe. Lakini yote mawili hutaja chuma kigumu kwa jumla, hayatofautishi chenye kromi na kisicho nayo. Na matumizi ya leo yamezidi kuyachanganya: waandishi wengine husema “chuma cha pua” wakimaanisha chuma kigumu chochote, wengine wakimaanisha kile cha masufuria meupe peke yake. Kijitabu chetu kimefanya yote mawili, tena katika sura moja. Isitoshe, mwanafunzi wa leo alisikiapo pua hukumbuka uso kwanza.

Tulifikiria pia “chuma cha kromi”, kwa kuwa hicho hutaja asili. Tulikiacha kwa sababu moja: madukani, kromu ni ule mng’aro wa mabomba na vipini vya baiskeli, yaani chuma cha kawaida kilichopakwa. Tungekuwa tumeondoa utata mmoja na kuleta mwingine uleule.

5. Bati na Zinki

Palipohusu kuchovya, mfasiri ameandika “chuma kilichotiwa bati”. Tunaielewa njia aliyopitia. Mabati ya paa ni karatasi za chuma zenye ngozi ya zinki. Kwa hiyo, akafikiri, kutia zinki ni kutia bati. Lakini bati ni pia jina la metali nyingine kabisa, ile ya kulehemia waya na kupakia makopo ya chakula. Mwalimu wa kemia anayesoma “kilichotiwa bati” atafahamu hiyo. Fundi atafahamu kwamba chuma kimefunikwa kwa kipande cha bati. Mwenye kufahamu zinki atakuwa amebahatisha.

Metali hizi mbili zina tabia zilizo kinyume. Zinki hujitoa mhanga: utando wake ukikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza na chuma kilicho jirani kikasalimika. Bati la makopo halifanyi hivyo. Likikwaruzwa, chuma huliwa kwa kasi zaidi. Tafsiri inayochanganya majina haya inachanganya mlinzi na msaliti. Neno zinki limekwisha kaa katika vitabu vya shule. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, iliwasaidia walimu wengi kuzoea majina ya namna hiyo. Sayansi za msingi zilipata kamusi yao. Nati, reli na vibano vimeachwa vijitafutie majina vyenyewe.

6. Kutu na Ulikaji

Kijitabu kinasema: “Alumini haishiki kutu.” Sentensi hiyo ni sahihi kwa neno na ni hatari kwa kazi. Kutu, kwa Mswahili, ni ule wekundu wa chuma, na alumini haina wekundu. Lakini alumini huliwa. Ikiguswa na saruji mbichi huliwa. Ikigusana na shaba penye unyevu huliwa. Penye chumvi hutoka unga mweupe na kufanya vitundu. Fundi aliyeambiwa kwamba haishiki kutu hana sababu ya kuitazama tena.

Hapa lugha ya kila siku ina hazina ambayo mfasiri hakuitumia. Watu wa pwani hawasemi tu kwamba bati limeshika kutu, husema limeliwa na chumvi. Kitenzi kula, katika kauli yake ya kulika, kinatosha kutupatia ulikaji: kuharibika kwa metali yoyote kwa kuliwa na hewa, maji, chumvi au dawa. Kutu itabaki kuwa aina moja ya ulikaji, ile ya chuma. Kwa njia hiyo twaweza kusema bila kujipinga kwamba alumini haishiki kutu, lakini hulika.

Kosa kubwa zaidi katika sura hii ni “kutu ya umeme”. Mfasiri alikusudia jambo litokealo metali mbili tofauti zigusanapo na katikati yake pana maji ya chumvi: moja huliwa upesi, nyingine ikahifadhika. Ni kweli kwamba ndani yake mna mkondo mdogo wa umeme. Lakini mwambie fundi wa sola habari ya “kutu ya umeme” uone atafanya nini. Atadhani inatoka kwenye paneli! Fundi mmoja aliyekisoma kijitabu alitueleza, kwa uaminifu kabisa, kwamba kwa ajili ya kuizuia yeye huzungushia nyaya zote utepe wa ziada. Bolti zake za zinki alizifunga moja kwa moja kwenye kipande kipana cha stenlesi. Alilinda pasipohitaji ulinzi, akaacha wazi pale penye hatari.

Sisi twapendekeza ulikaji wa mgusano. Maneno haya yanamwonyesha fundi mahali pa kutazama, yaani pale vitu viwili vinapogusana. Tena yanarahisisha kueleza kanuni ambayo kijitabu kimeiruka, nayo ni ya ukubwa wa pande mbili. Bolti ndogo ya stenlesi ndani ya reli ndefu ya alumini haileti madhara makubwa, kwa sababu anayeliwa ni mkubwa na anayemla ni mdogo. Hata hivyo, karibu na bahari yafaa kutia washa ya plastiki katikati. Lakini bolti ndogo ya zinki katika bamba pana la stenlesi haina maisha.

7. Vifungo vya Kudumu

Neno lenyewe la kichwa cha sura ya tatu, “Kufunga kwa Kudumu”, limetutatiza. Asili yake ilihusu vifaa vyenye kustahimili miaka mingi. Kwa Kiswahili, kufunga kitu kwa kudumu ni kukifunga kisifunguliwe tena. Tofauti si ndogo. Paneli hufunguliwa: huvunjika kioo, huibwa moja kati ya nne, paa hubadilishwa bati. Kifungo chema ni kile kinachokaa miaka 25 na bado kikakubali spana. Tumesikia habari za mafundi waliopiga ribiti au kulehemu kwa kufuata kichwa hicho, na siku ya matengenezo ikawa ni siku ya msumeno. Twapendekeza “vifungo stahimilivu”, na pale palipokusudiwa kisifunguliwe isemwe wazi “visivyofunguliwa”.

Juu ya hilo, kijitabu kimesahau tabia moja ya stenlesi ambayo kila fundi wa mashine anaijua: hesi zake zikikazwa kwa haraka na bila mafuta, hung’ang’aniana hata nati isiende mbele wala nyuma. Kwa kuwa jambo halikupewa jina, halikupewa onyo. Liitwe kuganda kwa hesi, na chini yake iandikwe: paka grisi ifaayo, kaza polepole.

Mengine ni mepesi, nasi tutayapita upesi. “Komeo” kwa maana ya bolti halifai. Komeo ni la mlango. “Jiriwa” kwa kile kinachoishika fremu ya paneli kwenye reli kinapotosha, kwa kuwa jiriwa ni chombo cha karakana, hushika kitu wakati wa kazi kisha hukiachia. Kibano kinatosha: kibano cha kati kwa kile kinachoshika paneli mbili, kibano cha pembeni kwa kile kinachoshika moja. Washa, ijapokuwa sauti yake ni ile ya kitenzi cha kuwasha taa, haijampoteza fundi yeyote, na iachwe.

8. Tuliyojifunza kwa Mafundi

Tulipokwama, tulifunga safari wawili hadi Gerezani, Dar es Salaam, kwa wahunzi na wachomeleaji. Tulimkuta mzee mmoja, tukamwamkia, tukamweleza shida yetu. Hakutujibu kwa maneno. Aliingia ndani akatoka na bolti tatu, akazipanga juu ya meza ya chuma. Hii, alisema, ni ya mng’aro. Hii ni ya kuchovya. Hii ni stenlesi. Kisha akatuuliza: “Wanangu, mnafungia kitanda au mnafungia baharini?”

Tulitazamana. Kazi iliyotushinda ofisini kwa miaka, mzee alikuwa ameimaliza zamani, na maneno yake yalikuwa mafupi kuliko yetu. Tulimwuliza anazitambuaje. Akatuonyesha alama zilizogongwa kichwani mwa bolti ya stenlesi, A2-70, akasema ya baharini huandikwa A4. Tulipotoa sumaku tuliyokuwa nayo alicheka, kisha akatueleza kwamba sumaku humdanganya mwanafunzi: stenlesi iliyofinyangwa baridi huvutika kidogo, na zaidi ya hayo sumaku haiwezi kuipambanua A2 na A4.

Wapo watakaosema kwamba stenlesi ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na kwamba utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tubishe hodi ugenini. Utaratibu huo tunauheshimu, nao umetupa ulikaji, kuchovya, kibano na hesi. Lakini tumekwisha tafuta nyumbani na tumeeleza kwa nini pua, feleji na kromi hazikutosha. Wengine watasema kwamba hata neno la asili la Kiingereza ni sifa, maana yake ni kisicho na doa. Ni kweli. Lakini lilipoingia Kiswahilini lilivua sifa hiyo likabaki kuwa jina tupu: mnunuzi wa Kariakoo aombapo stenlesi haombi ahadi, anaomba metali.

9. Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo, tukiwaomba wasomaji wayapime:

(a) Stenlesi: chuma chenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Katika zabuni isiandikwe peke yake, bali pamoja na daraja lake: stenlesi A2, stenlesi A4.

(b) Chuma cha kuchovya zinki: kilichotumbukizwa katika zinki iliyoyeyushwa. Unene wa utando utajwe kwa maikromita.

(c) Chuma cha kupakwa zinki: kilichopakwa zinki kwa umeme, ndicho kile cha mng’aro. Kifae kazi za ndani na mahali pakavu.

(d) Ulikaji: kuharibika kwa metali yoyote kwa kuliwa. Kutu: ulikaji wa chuma. Ulikaji wa mgusano: ule utokeao metali tofauti zinapogusana penye unyevu.

(e) Kibano cha kati, kibano cha pembeni, reli, mguu wa reli, bolti, nati, washa, hesi, kuganda kwa hesi.

(f) Stahimilivu: chenye kukaa muda uliotajwa katika hali ya hewa iliyotajwa. Neno hili lisitumike bila muda na mahali.

Hatusemi kwamba kila paa lahitaji stenlesi. Dodoma, mbali na chumvi, chuma cha kuchovya kitatosha, na fedha ya ziada yafaa kununulia vitabu. Faida ya kuwa na majina matatu ni kwamba mwenye kununua aweza kuchagua kwa kujua, badala ya kulipa bei kubwa kwa hofu au bei ndogo kwa kudanganyika.

Wapo watakaosema kwamba kosa halikuwa la istilahi, bali la mwandishi wa zabuni aliyepaswa kutaja kiwango na namba zake. Twakubali nusu. Ofisa wa makao makuu ataandika namba. Lakini mwalimu mkuu anayepokea mzigo jioni, na mjumbe wa kamati ya shule aliye shahidi wake, hawana mbele yao ila karatasi na maneno. Neno ndilo chombo chao cha kupimia.

10. Hitimisho

Ofisa yule tulimjibu hivi: kwa Kiswahili kilivyoandikwa katika mkataba wake, mkandarasi hawezi kubanwa kwa neno lile peke yake. Hatukufurahi kuandika hivyo. Tuliambatisha orodha iliyo hapo juu ili zabuni ijayo isiwe na mlango huo, na lile fungu la maneno tumeliondoa katika orodha zetu. Mfasiri wa kijitabu naye tumempelekea maoni haya, naye ameyapokea kwa moyo mwema na kuahidi kusahihisha chapa ijayo.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa umma watuletee maneno mengine ya aina hii wanayokutana nayo, yale yanayokisifu kitu bila kukitaja. Tunawaomba pia, inapowezekana, watuletee na kitu chenyewe. Bolti tatu za mzee wa Gerezani ziko juu ya meza yetu sasa, na ile ya mng’aro, ambayo tuliifunga dirishani upande wa bahari, imeanza kuwa nyekundu kwenye hesi.